Mnyongaji Aliyepewa Likizo

Garth Lindqvist, mkuu wa kompyuta wa hospitali ya Birch Falls, alimpokea Sajenti Verna Koskela mlangoni mwa chumba cha chini akiwa na sahani ya keki mkononi.

"Karibu, Afande. Onja kidogo. Keki ya maboga, kaoka mke wangu."

"Ya sherehe gani?"

"Ya mashine!" Lindqvist alicheka. "Seva zetu mbili zimetimiza mwaka mzima bila kuzimika, hata kupepesa jicho. Huku chini hiyo ndiyo sikukuu yetu. Tuliikata Jumatatu. Hiki kipande cha mwisho nimekuwekea wewe."

Jumatatu hiyo Rollie Maki alikuwa ndani ya jokofu la maiti, kwenye korido hiyohiyo, milango mitatu kutoka hapo waliposimama. Mpaka leo alikuwa hajatoka. Koskela aliipokea sahani akaiweka juu ya kabati bila kuionja.

Rollie alikuwa dereva wa magari ya kuondoa theluji, mtu wa kelele na kisukari, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Jumamosi ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, siku ambayo nusu ya mji huvaa makoti ya rangi ya machungwa na kupotelea msituni, alichomwa insulini mara mbili, ya pili kabla ya kwanza haijaanza kufanya kazi. Sukari ilishuka mno, akafa usingizini huku sinia la chakula likiwa limefunikwa pembeni yake. Sindano ya kwanza ilikuwa ya muuguzi Tammy Quist. Ya pili ilikuwa ya Noreen Bissonette.

Hapo ndipo mji ulipopata la kusema, maana Noreen alikuwa mke wa Rollie kabla hawajaachana, na kuachana kwao kulikuwa kwa matusi hadharani. Mashahidi hawakukosekana wa kueleza jinsi alivyoapa, mbele ya watu na bia zao, kwamba yeye ndiye atakayemzika. Siku nyingine asingeruhusiwa kukisogelea kitanda chake. Siku ile wodi zilikuwa tupu, wauguzi wako juu ya miti na bunduki, naye akatolewa wodi ya wazazi kuja kuziba pengo.

Ushahidi ulikuwa ukurasa mmoja wa dawa kwenye kompyuta, msafi kama sahani iliyorambwa. Mstari wa Tammy ulikuwa juu, mstari wa Noreen chini yake. Aliyeandika mstari wa chini lazima aliuona wa juu, na aliyeuona akachoma tena alitaka mtu afe. Noreen alisema na kurudia kwamba alipofungua ukurasa, mstari wa Tammy haukuwepo. Alimpima mgonjwa sukari, akaikuta iko juu, akamchoma. Tammy alikuwa hajamchoma mtu yeyote, alisema Noreen, ila aliurudia ukurasa baadaye akajiandikia ili kuficha uvivu wake. Tammy aliapa kwa watoto wake kwamba alichoma. Watu waliamini ukurasa, kwa sababu ukurasa haujawahi kupewa talaka.

Mwendesha mashtaka alikuwa amempa Noreen karatasi. Akikiri kuua bila kukusudia na kutia sahihi kabla ofisi hazijafungwa leo, atafungwa miaka michache. Akikataa, atajibu shtaka la mauaji. Sasa hivi alikuwa amekaa na karatasi hiyo katika jela ya wilaya, ng'ambo ya barabara, na aliyemtia pingu alikuwa Koskela mwenyewe.

Kilichomleta Koskela chini ya ardhi ni fundi umeme. Asubuhi ile fundi huyo alikiri, kwa shida, kwamba Jumamosi alitoboa ukuta kati ya jengo la zamani na jengo jipya akaukata waya wa kompyuta, akauunga jioni, na hakumwambia mtu. Alikuwa na haraka ya kwenda msituni kama wenzake.

"Nieleze mashine zako," Koskela alisema. "Taratibu, kama unamweleza mtoto."

"Kwa mtoto ingekuwa rahisi," Lindqvist alijibu, akaona hakuna anayecheka. "Haya. Seva mbili. Moja jengo la zamani, moja jengo jipya. Ndani ya seva wanakaa wapangaji, tunawaita mashine pepe. Ni kompyuta kamili, ila haina mwili wake, inaazima wa seva. Mpangaji mmoja kazi yake ni kurasa za dawa. Sasa, kurasa zenyewe haziko ndani ya seva. Ziko kwenye ghala moja, lile pale." Alionyesha kabati jeusi lililokuwa likivuma. "Kila seva ina njia yake ya kulifikia ghala. Seva ya kwanza ikifa, ya pili inamwamsha mpangaji yuleyule upande wake, naye anaendelea pale alipoishia. Muuguzi huko juu hajui hata kama kuna msiba."

"Na seva ya pili inajuaje kwamba mwenzake amekufa?"

"Zinajuliana hali. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Mchana na usiku."

"Kwa waya."

"Kwa waya."

"Waya ukikatwa, zote mbili zikiwa hai?"

Lindqvist alijikuna shingo. "Swali zuri, Afande. Wengi hawafiki hapo. Kunyamaza siyo kufa. Aliyenyamaza anaweza kuwa mzima kabisa, anaendelea na kazi. Kwa hiyo kabla ya kumrithi, tunahakikisha amekufa." Alipiga kofi kisanduku cheupe chenye soketi za umeme, kilichofungwa nyuma ya seva. "Huyu hapa. Sisi tunamwita Mnyongaji. Seva ya pili inamwamuru amkatie mwenzake umeme. Anakata. Anajibu: amekufa. Hapo tu ndipo pacha wa pili anaamka. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Wakikaa?"

"Hawawezi."

"Nimekuuliza, wakikaa?"

"Wakikaa..." Alishusha pumzi. "Wanaandika wote kwenye ghala moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. Jengo la zamani linasoma kwa huyu, jengo jipya linasoma kwa yule. Huyu haoni alichoandika mwenzake. Hiyo ni balaa, Afande, usiombe. Ila haiwezekani."

"Jumamosi Mnyongaji alikuwa kazini?"

"Alikuwa kazini."

"Nionyeshe."

Kulikuwa na jozi ndogo ya seva za mazoezi pembeni, nayo ina mnyongaji wake. Lindqvist aliiwasha kwa madaha, akamwonyesha Koskela kwenye skrini mpangaji akiwa hai kwenye seva ya kwanza, kisha akauchomoa waya wa kati. Zilipita sekunde chache za kimya. Kisanduku kikalia tak, kama mtego wa panya. Taa za seva ya kwanza zikazimika zote na feni zake zikafa kwa mluzi mrefu. Ndipo pacha akaamka kwenye seva ya pili.

"Umeona?" Lindqvist alifuta mikono kwenye suruali. "Mmoja tu. Siku zote mmoja tu. Muuguzi wenu anawachezea akili, mama wa watu."

"Rudia."

Alirudia. Tak. Giza upande mmoja, uhai upande wa pili. Koskela alimfanya aurudie tena mchezo ule, kisha tena, mpaka jasho jembamba likaanza kumtoka yule bwana ingawa chumba kilikuwa cha baridi ya kugandisha maziwa.

"Kwa hiyo kila waya ukikatwa, seva moja inazimwa," Koskela alisema.

"Kila mara. Ndiyo maana yake."

"Haikosei."

"Haikosei hata kidogo."

"Fundi umeme aliukata waya wenu Jumamosi asubuhi. Amekiri kwangu, ametia sahihi."

Lindqvist aligeuka kukiangalia kisanduku cheupe.

"Mnyongaji alikuwa kazini," Koskela aliendelea. "Haya, alimnyonga nani?"

"Sijakuelewa."

"Umenielewa sana. Waya ulikatwa, basi seva moja ilikatiwa umeme. Nimeona kwa macho yangu, mara nyingi kuliko ulivyopenda. Na Jumatatu umewakatia keki seva mbili ambazo hazijazimika mwaka mzima, hata kupepesa jicho, ni maneno yako. Chagua, Bwana Lindqvist. Ama keki ni ya uongo, ama Mnyongaji hakuwepo."

"Huenda kulikuwa na hitilafu. Vitu vya umeme hivi..."

"Umesema haikosei."

"Nilimaanisha kwa kawaida."

Koskela aliichukua sahani ya keki. "Twende."

"Wapi?"

"Hapo jirani. Kuna mtu hajapata kipande chake."

Wapo askari waungwana, na yeye hakuwa mmoja wao. Alimshika Lindqvist juu ya kiwiko akamtembeza milango mitatu ya korido, akamwamuru mhudumu avute droo, akamfunua Rollie Maki mpaka kifuani. Rollie alikuwa mtu mnene, uso umegeuka rangi ya mshumaa, na mkanda wa plastiki wa hospitali ulikuwa bado mkononi mwake. Koskela aliiweka sahani juu ya chuma, karibu na bega la maiti.

"Mwambie," alisema. "Mwambie Mnyongaji alikuwa kazini."

"Hii siyo haki, Afande."

"Mwambie."

"Nina moyo mimi, tafadhali!"

"Na yeye alikuwa nao. Mwambie, au nitakuacha humu naye mpaka usiku, na mlango nitaufunga mwenyewe. Nikiulizwa nitasema niliona kimya nikadhani hakuna mtu."

Lindqvist aliteleza kwa mgongo ukutani mpaka akakaa sakafuni. Alilia kwa sauti, mtu mzima na kitambulisho chake shingoni, na mhudumu akajifanya hamnazo, akaangalia dari. Koskela alimwacha alie. Hakumpa kitambaa wala neno.

"Kulungu," Lindqvist alisema hatimaye.

"Nini?"

"Mwaka juzi, siku ya kufungua msimu. Niko juu ya mti tangu alfajiri, dume kubwa limekuja, pembe hizi, hizi! Nimeshamlenga. Simu ikalia. Mnyongaji amenyonga seva nzima, kwa sababu ya waya uliolegea. Kulungu akaondoka. Ikanibidi nirudi mjini kuiwasha. Shemeji zangu mpaka leo wananiita Bwana Simu. Kila Krismasi wananipa zawadi ya simu ya kitoto." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Tangu hapo, wikiendi ile ya kwanza, nampa likizo."

"Unamzima."

"Ukimzima tu haitoshi. Seva ya pili haikubali kurithi bila kuthibitishiwa. Kwa hiyo niliweka kijibu, programu ndogo, mahali pake. Seva ikiuliza, amekufa? Kinajibu, amekufa. Hakimgusi mtu. Kinajibu tu."

"Ulimwandikia mzima cheti cha kifo ili ukawinde."

"Ni seva, Afande! Ni chuma! Hakuna aliyewahi..."

"Endelea."

"Wikiendi ya siku mbili! Nani angejua kwamba kuna mjinga atatoboa ukuta?" Alimtazama Rollie, akageuza macho upesi. "Nilirudi Jumapili. Safari hii nilikuwa nimempata, dume zuri, yuko nyuma ya gari. Nikapita hapa kumrudisha Mnyongaji kazini, nikakuta pacha wote wawili wako macho. Tangu jana yake asubuhi. Waya ulikuwa umeshaungwa, wao wanaendelea kugombana kimyakimya. Nikamzima pacha mmoja kwa mkono, seva yenyewe sikuigusa. Kurasa zilikuwa zimevurugika, huyu kaandika hiki, yule kaandika kile. Nikakaa nikazishona."

"Unashonaje kurasa?"

"Nachukua mistari ya pacha wa kwanza na mistari ya pacha wa pili, naipanga kwa saa zake. Inakuwa ukurasa mmoja. Unakuwa safi. Nilikuwa nawasaidia wauguzi, nakuapia."

"Mstari wa Tammy?"

"Wa pacha wa kwanza. Aliandikia mezani, kwenye kompyuta ya jengo la zamani."

"Mstari wa Noreen?"

"Wa pili. Alitumia ile ya magurudumu. Zile zinaongea na jengo jipya."

"Kwa hiyo Noreen alipofungua ukurasa wa Rollie aliona nini?"

Lindqvist alijibu kwa sauti ndogo sana. "Hakuna kitu. Aliona mgonjwa ambaye hajapewa dawa."

"Na Jumanne, uliposikia nimemfunga kwa ukurasa ulioushona wewe?"

Lindqvist alikigeuzageuza kitambulisho chake kifuani.

"Jumanne, Bwana Lindqvist. Jumatano. Jana. Magazeti yamemwita mjane mweusi, kama yule buibui anayemla mumewe. Watu wamemwandikia mwanawe wa kike upuuzi kwenye mlango wa nyumba. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasaga nyama," alisema, na kwa kuwa alikuwa amechoka kudanganya, alilisema kama lilivyokuwa. "Tulikuwa tunatengeneza soseji. Nikasema, watagundua wenyewe. Kama hana hatia watagundua wenyewe."

Koskela aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Lindqvist. "Mambo ya pacha wa pili uliyafuta?"

"Sisi hatufuti kitu. Watu wa kazi hii hawafuti. Nimeyaweka."

"Inuka basi."

Alimwinua kwa kola. Walirudi kwenye chumba cha seva, na huko Lindqvist akautoa ukurasa wa Rollie Maki kama ulivyokuwa upande wa pili wa waya uliokatika. Mahali pa mstari wa Tammy palikuwa peupe. Koskela aliuchapisha, akamlazimisha Lindqvist atie sahihi juu yake, akamtia na pingu, na akampitisha kwenye ukumbi wa chakula saa ambayo kila mtu alikuwa anakula, ingawa mlango wa nyuma ulikuwa karibu zaidi. Mama mmoja wa jikoni aliuliza kuna nini. "Huyu ndiye aliyemuua Rollie," Koskela alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, na hakujali kwamba sheria ingelisema kwa maneno ya upole zaidi.

Mwendesha mashtaka Strand alikuwa mtu wa maneno machache, na kwenye simu yalipungua zaidi. Aliuliza maswali yake, akatumiwa picha ya ukurasa.

"Noreen ametia sahihi?"

"Sijui. Naenda sasa."

"Kama hajatia, ichane. Kama ametia, ichane vilevile. Mtoe."

Koskela aliivuka barabara mbio, theluji ya kwanza ikimwingia kwenye kola. Katika miaka yote ya kazi yake aliwahi kutia watu ndani kwa furaha, lakini kumtoa mtu kwa furaha hakuwahi. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Alimpigia kelele askari wa zamu afungue upesi, alete na nguo alizokuja nazo Noreen.

Noreen alikuwa amekaa kitandani, karatasi iko magotini na kalamu iko juu yake. Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu. Walisoma shule moja, wao wawili, na hawakupendana hata wakati ule.

"Verna. Umekuja kunishika mkono niandike?"

"Nimekuja kuichukua." Koskela aliinyakua karatasi akaichana vipande vinne, akampa ule ukurasa mwingine. "Tazama hapo. Soma mwenyewe."

Noreen alisoma. Kidole chake kilisimama mahali palipokuwa peupe.

"Haupo," alisema.

"Haupo. Mashine zilikuwa mbili, moja ya zamani na moja mpya, hazionani. Garth Lindqvist alilegeza mambo ili akawinde, halafu akazishona kurasa tukadhani ni moja. Nimemfunga. Wewe uliona sawasawa, Noreen. Mgonjwa alikuwa hajapewa dawa, skrini ndivyo ilivyosema."

"Sikuota."

"Hukuota."

Noreen aliangua kicheko, kicheko cha kifua kizima, na machozi yakamtoka humohumo. "Nilisema! Si nilisema? Kila siku nasema, mnaniona kichaa! Yule mwanamke hakumchoma! Alikaa anakula biskuti zake, halafu akaja kujiandikia..."

"Tammy hakujiandikia."

"Nini?"

"Tammy alimchoma. Akaandika papo hapo. Aliandikia upande wa zamani, wewe ukasoma upande mpya." Koskela alikuwa bado anahema kwa mbio zake, na maneno yalimtoka haraka kuliko ilivyopasa. "Hakuna kati yenu aliyesema uongo. Ndiyo uzuri wake, hakuna aliyesema uongo."

Kicheko cha Noreen kilichukua muda kukatika. Aliutazama ukurasa tena, kisha akamtazama Koskela.

"Alimchoma kweli."

"Ndiyo."

"Kweli kabisa."

"Ndiyo, Noreen."

"Halafu nikaja mimi."

Koskela alifungua mdomo kusema habari za sheria, kwamba hakuna mahakama itakayomgusa, kwamba hata mtakatifu angefanya vilevile kwa skrini ile. Alisema yote hayo. Noreen alisubiri amalize, kwa heshima, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Sukari ilikuwa juu," Noreen alisema. "Nikamchoma. Nikaenda kwa wengine, wodi nzima niko peke yangu. Niliporudi akasema hataki chakula, ana usingizi. Nikamwambia, Rollie, maisha yako yote ukiniona tu unapata usingizi. Akacheka. Unajua miaka mingapi hajanichekea? Nikamfunika." Alizivuta pembe za blanketi la jela, akazinyoosha juu ya magoti yake. "Nikamfunika vizuri, nikamzimia taa."

"Hukujua."

"Nimelala humu ndani, Verna, siku zote hizi nimelala usingizi mzuri. Walinzi waulize. Mnaniita muuaji, nami nalala, kwa sababu nilijua moyoni ni sindano moja tu aliyochomwa, ya kwangu, na moja haiui mtu. Nilijua kuna sababu nyingine. Moyo wake, mguu wake, sijui nini. Siyo mimi." Aliukunja ukurasa, akamrudishia. "Ningetia sahihi yenu nikafungwa, na bado ningelala."

"Uko huru," Koskela alisema.

"Ungeniacha niendelee kuamini Tammy ni muongo."

Askari wa zamu alifika na mfuko wa nguo. Alifungua lango, akalizuia kwa mguu lisijifunge, akasubiri. Noreen hakuinuka.